Kidani cha Hanuka: angalia matawi na herufi kabla ya kulipa

Anayetaka kumnunulia Myahudi zawadi ya Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha taa, hukimbilia kidani chenye kinara, na hapo ndipo makosa huanzia. Kinara cha matawi saba ni cha Hekaluni, na ndicho kilicho kwenye nembo ya Israeli. Cha Hanuka, yaani hanukia, kina nafasi tisa: nane za siku nane, na moja ya shamashi, mshumaa wa kuwashia mingine, ambao huinuliwa au kutengwa kidogo. Hesabu matawi kabla hujatoa pesa, maana wauzaji wengi huviita vyote menora.

Sikukuu yenyewe huanza jioni inapoingia tarehe 25 Kislevu, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, mara nyingi Desemba. Hukumbusha Wamakabayo, Wayahudi walioasi utawala wa Kigiriki, walivyolitakasa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 K.K., baada ya mfalme Antioko Epifane kulinajisi. Kisa cha kichupa cha mafuta ya siku moja kilichowaka siku nane kimo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi. Ukikitafuta katika vitabu vya Wamakabayo hukioni.

Amri ni kuwasha taa. Kuvaa kidani si amri. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, ila huwashwa kuanzia kushoto, ule mpya kwanza. Shamashi huwashwa kabla ya yote, baraka zikasomwa (tatu usiku wa kwanza, mbili kila usiku unaofuata), kisha ndio mingine. Pakiti ya mishumaa 44 hutosha siku zote nane. Shida huja Ijumaa: taa huwashwa kabla ya mishumaa ya Sabato, jua halijazama, nazo sharti ziendelee kuwaka nusu saa baada ya giza kuingia. Mishumaa myembamba ya pakiti huishia njiani. Tumia minene, au mafuta ya zeituni na utambi.

Tukirudi kwa sonara: kidani cha khai, neno la Kiebrania lenye maana ya “hai”, kina herufi mbili, kheti na yodi. Kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba, na jumla ya hizi ni 18, ndiyo maana zawadi za pesa hutolewa kwa mafungu ya 18. Kheti haina pengo. Mguu wa kushoto ukiachana na paa juu, hiyo ni herufi nyingine, he, na neno limeharibika. Yodi ndogo hukaa kushoto. Fundi asiyejua Kiebrania huzigeuza, hasa anapochonga kwa kufuata picha iliyopinduliwa.

Nyota ya Daudi huvaliwa mwaka mzima, wala haihusiani na Hanuka hasa. Hamsa, ule mkono wa vidole vitano, Waislamu nao huuvaa kama mkono wa Fatima, kwa hiyo usimhukumu mtu dini kwa huo peke yake. Kidani chenye jina la Mungu, mathalani Shadai, hufunikwa au huvuliwa kabla ya kuingia chooni. Ukimpa mtu zawadi, mwambie hilo mapema, na umchagulie mkufu wenye kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja.