Ukishafungua taiming belti, badilisha vyote

Jana kuna msomaji kaniandikia ana RAV4 ya zamani ya mwaka 1998, fundi wake kamwambia wabadilishe mkanda wa taiming (taiming belti) peke yake, eti bearing zinazoongoza mkanda na wota pampu, ile ya kuzungusha maji ya injini, bado nzima. Kaka, meseji yako imenipandisha hasira, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo kwenye gereji moja hapa Dar, nikafungiwa mkanda mpya, haikupita muda wota pampu ikaanza kuvuja, maji yakawa yanadondokea kwenye mkanda ule ule mpya, ikabidi kufungua kila kitu na hela ya ufundi nikalipa tena. Inaniuma mpaka leo.

Ndo maana safari hii kazi nimeifanya mwenyewe nyumbani uani, na gari inatembea safi kabisa, najivunia sana.

Injini ya RAV4 hiyo, na yangu pia, ni 3S-FE, mkanda wake mmoja unazungusha kamshafti (shafti inayofungua vavu), wota pampu na oil pampu. Sasa wewe unaachaje vitu vya zamani humo ndani? Nikaenda Gerezani kwenye maduka ya spea nikachukua mkanda, bearing zote mbili, wota pampu na sili zote za mbele. Bearing ya zamani nilipoitoa nikaizungusha kwa kidole, ikawa inakwaruza utadhani ina mchanga, na hiyo ndo ile walosema nzima!

Kilichonitoa jasho ni bolti ya puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), spana yake namba 19. Niliongezea bomba refu kwenye spana huku mdogo wangu kashikilia puli isizunguke. Ule ujanja wa kuegemeza spana halafu kuilegeza kwa kupiga stata msiufanye, chomoeni kabisa waya wa betri.

Alama sasa. Alama ya puli ya krenki iwe kwenye 0 ya kava la mkanda, na kale katundu kwenye puli ya kamshafti ukichungulia uone alama iliyoko nyuma yake. Mkanda ukishakaa, zungusha krenki kwa spana mizunguko 2 kamili, upande inaokwenda mishale ya saa, halafu angalia alama upya. Zikipishana hata jino moja, fungua rudia, usiwashe. 3S-FE ukikosea vavu huwa zinapona ila 1KZ, ile injini ya dizeli ya Prado, pistoni inagonga vavu na hapo unazungumzia kufungua silinda hedi.

Ndugu zangu tuache kuhurumia elfu kadhaa za bearing halafu tunakuja kulia barabarani usiku na watoto ndani ya gari. Ukifungua badilisha vyote, sili badilisha, pampu badilisha, usimsikilize anayekwambia bado nzima wakati hata hajaishika mkononi. Na ukimaliza andika kilomita za siku hiyo kwa maka pen juu ya kava la mkanda, ukishatembea 100,000 nyingine unafungua tena.