Alama ya h ya 9 si sababu ya kumkataa

Dada, umeuliza kama mtafiti wa saratani ya watoto hapa Kisumu mwenye alama ya h (h-index, kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wengine) ya 9 anatosha kukusimamia uzamili. Usimkatae kwa hilo. Maana yake ana makala 9 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 9, basi. Jorge Hirsch, aliyependekeza kipimo hiki mwaka 2005, ni mwanafizikia, na nyanja za utafiti hazinukuliwi sawa. Saratani ya matiti ina waandishi tele duniani. Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga inayowapata watoto wa kwetu huku ziwani kwenye malaria nyingi, ina wachache. Hata makala ya daktari wa upasuaji Denis Burkitt ya mwaka 1958 kuhusu saratani hiyo, aliyoiona kama uvimbe wa taya, haikushtua wengi mwanzoni. Mwaka 1964 ndipo watafiti Epstein, Achong na Barr walipotangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo.

Soma makala zake za karibuni, uone jina lake limekaa wapi. Katika tiba, la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba kazi yenyewe, la mwisho la kiongozi wa utafiti. Halafu waulize wanafunzi wake, tafadhali, kama rasimu zao huzisoma kwa wakati.