Shangazi, nafuata vitabu vya wataalamu lakini mama mkwe anavuruga kila kitu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kike mwenye umri wa miezi mitatu na nusu. Tangu nikiwa mjamzito nimekuwa nikisoma vitabu vya malezi vinavyopendekezwa na wataalamu, na daktari mmoja alinipa orodha ya vile vilivyo bora. Vitabu hivyo vinasema mtoto azoeshwe kulala peke yake, na akilia usiku asinyanyuliwe papo hapo. Nimeandika ratiba nzima ya kunyonya, kulala na kuoga, nikaibandika kwenye friji. Tatizo ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Korogwe kunikanda nilipojifungua na mpaka leo hajaondoka. Mtoto akilia saa nane usiku, yeye ndiye wa kwanza kufika, humfunga mgongoni kwa khanga na kuzunguka naye sebuleni. Jioni nikirudi kazini namkuta mtoto amelala saa ambayo hakutakiwa kulala. Humlaza kifudifudi, na juzi nilimkuta akimpa dawa ya mchango. Nikimweleza mume wangu, hujibu kwamba yeye na ndugu zake wanne walilelewa vivyo hivyo na wakakua. Nifanyeje ili mama huyu arudi kwao bila kuvunja ndoa yangu?
Aliyechoka, Tabata.

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uchovu. Kuamka saa nane za usiku kisha kuwahi daladala alfajiri kunamaliza mwili, na siku 84 za likizo ya uzazi zinazotolewa na sheria yetu ya kazi humrudisha mama ofisini wakati mtoto bado hajautofautisha usiku na mchana. Kwa hilo nakuonea huruma ya kweli.

Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kuna mtu mmoja ambaye sikumwona ndani yake, naye ni mtoto mwenyewe. Najua umri wake, najua ratiba yake imebandikwa wapi, najua vitabu vinasema nini juu ya watoto wa aina yake. Sijui kilio chake cha saa nane ni cha njaa au cha kutaka mtu, sijui hunyamaza akiimbiwa au akitembezwa, sijui ameanza kumchekea nani. Naamini ningemuuliza mama mkwe wako maswali hayo angenijibu yote bila kufikiri, kwa sababu yeye ndiye anayekaa naye. Umeandika kwa kupitia tu, “jioni nikirudi kazini,” kana kwamba ni jambo lisilo na uzito, na hukutaja dada wa kazi wala jirani wala ndugu yeyote mwingine. Kwa hiyo mchana kutwa mtoto wako yuko mikononi mwa mwanamke huyo unayelalamika kwamba hajaondoka. Hajaondoka kwa sababu nyumba yako haiwezi kwenda bila yeye, nawe unalijua hilo, ila halikuingia katika malalamiko.

Nikuambie jambo ambalo huenda orodha ya daktari haikukueleza. Sehemu kubwa ya yale ambayo wataalamu wa leo wanayaandika kuhusu mtoto kumwamini mlezi wake ilianzia karibu na kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi huko, na badala ya kukaa bure akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani. Alikuwa akikaa sebuleni mwao saa nyingi, akiwatazama watoto na kuzungumza na mama zao kwa msaada wa mkalimani. Kitabu cha utafiti huo kilitoka 1967. Alichokiona ni kwamba mama walioweza kumsimulia habari ndogondogo za watoto wao, bila hata kuulizwa, ndio waliokuwa wepesi wa kuzielewa ishara za watoto hao, na watoto wa mama wa namna hiyo walikuwa watulivu na hawakulia sana. Baadaye alifanya utafiti mwingine katika mji wa Baltimore huko Marekani, na mwaka 1972, akiwa na mwenzake Silvia Bell, akaandika kwamba watoto waliokimbiliwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo ndio waliokuwa wakilia kidogo walipokaribia kutimiza mwaka. Hayo ni ya mtaalamu, mwanangu, na mizizi yake iko kwa wanawake waliowabeba watoto wao mgongoni kama anavyofanya mkweo.

Tena usiseme “vitabu vinasema” kana kwamba vimekaa baraza moja vikakubaliana. Mwaka 1928 John Watson, msomi mkubwa wa Marekani katika zama zake, aliwaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, akawashauri wawape mkono asubuhi kwa salamu. Mwaka 1946 akaja Dk. Benjamin Spock, ambaye kitabu chake kiliuzwa kwa makumi ya mamilioni ya nakala, akakifungua kwa kumwambia mzazi ajiamini kwa kuwa anajua mengi kuliko anavyodhani. Mwaka 1985 Richard Ferber wa Boston akafundisha njia ya kumwacha mtoto alie kwa muda unaoongezwa kidogo kidogo, mzazi akiingia na kutoka chumbani, na bila shaka ratiba yako imetokana naye au na wanafunzi wake. Miaka michache baadaye William Sears na mkewe Martha wakaandika kinyume chake: mtoto abebwe, anyonye anapotaka, alale karibu na mama yake. Wote hao ni wataalamu na wote wamependekezwa na wataalamu wenzao. Mkweo hajawahi kumsikia Sears, lakini ukimtazama usiku na khanga yake utaona anatekeleza kitabu kizima. Wewe umechagua kitabu kinachokuwezesha kulala, na haja hiyo ni ya kibinadamu wala si dhambi. Ila iseme hivyo kwa mumeo. Mwambie, “Nahitaji usingizi,” usimwambie kwamba mama yake anapinga sayansi.

Na hata hicho ulichokichagua nakuomba ukirudie kwa makini, kwa sababu nina shaka umekisoma haraka. Njia ya kumzoesha mtoto kulala peke yake haikukusudiwa mtoto wa miezi mitatu na nusu, ambaye tumbo lake ni dogo na bado anahitaji kunyonya usiku. Madaktari wengi wanaoikubali huiweka baada ya miezi minne hadi sita. Sisemi kwamba ni sumu. Watafiti wa Australia waliwasaidia wazazi wa watoto wa miezi saba wenye shida ya usingizi, kisha wakawafuatilia watoto hao hadi miaka 6, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 hayakuonyesha madhara. Lakini wale walikuwa wa miezi saba, na wako ana nusu ya umri huo. Bibi anapomnyanyua saa nane usiku haharibu mafunzo yoyote, kwa kuwa wakati wa mafunzo hayo haujafika.

Sasa nisikilize pale ambapo nasimama nawe, na nitasimama bila kuyumba, kwa sababu ni maisha ya mtoto. Mtoto wa umri huu halazwi kifudifudi, analazwa chali, kila usingizi, mchana na usiku. Mama mkwe wako anadhani gesi itatoka vizuri na kwamba akicheua hatapaliwa, na usimwone mjinga kwa hilo, kwani Dk. Spock mwenyewe katika matoleo ya kitabu chake ya kuanzia miaka ya 1950 alishauri watoto walazwe kwa tumbo, na mamilioni ya wazazi wakamfuata. Ilichukua miaka mingi mpaka ikathibitika kwamba ulalaji huo unaongeza hatari ya mtoto kufariki ghafla usingizini. Wamarekani walipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Mtaalamu aliyesifiwa kuliko wote na bibi wa Korogwe walikosea kosa lile lile, kwa nia njema ile ile, na jambo hilo likufundishe kuwapima wote wawili kwa mizani moja.

Dawa ya mchango nayo ikome leo. Mtoto hapewi chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6: si maji, si glukosi, si mizizi iliyochemshwa. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na muuguzi wa kliniki anakwambia hivyo kila unapompeleka mtoto kupimwa uzito. Lakini hapa naona jambo jingine ambalo hukuliandika. Bibi huyo yuko na mtoto anayelia saa sita mchana, mama yuko ofisini, na sijasoma popote kwamba unamwachia maziwa ya kutosha uliyoyakamua. Ratiba kwenye friji haimshibishi mtoto. Kamua asubuhi na usiku, yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko ndani ya friji hiyo hiyo, ambamo yanaweza kukaa hadi siku 4, na mwonyeshe mama namna ya kuyapasha kwa kukiweka chombo ndani ya maji ya moto, bila kuyachemsha, kisha kumnywesha kwa kikombe. Utaona hamu ya dawa ya mchango inapungua, kwa sababu mara nyingi bibi huchemsha mizizi pale anaposikia kilio na hana kingine cha kutoa.

Mumeo nina neno naye pia. Hoja ya kwamba “sisi tulilelewa hivi na tukakua” huwa inasemwa na waliokua tu, na wazee wetu wengi walizika watoto ambao leo wangeokolewa kwa jambo dogo. Amweleze mama yake habari ya kulala chali kwa kinywa chake mwenyewe, kwa heshima, kwa sababu neno la mwana humwingia mama kwa urahisi kuliko la mkwe. Vilevile barua yako haikutaja hata mara moja kwamba yeye huamka usiku. Wanawake wawili wanagombania mtoto anayelia, na baba yake amelala. Naona siku hizi ndoa nyingi zimeingia katika mtindo huu: mke anakwenda kwenye vitabu kutafuta nguvu ya kumshinda mama mkwe, mume anajificha nyuma ya mama yake ili asifanye uamuzi wala kazi, na kila mmoja anaita upande wake malezi bora. Watu huanza ndoa wakiwa wawili, wakapata mtoto, wakageuka vyama viwili vyenye katiba tofauti. Zamani wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hawakusema kwamba ni kazi ya mama peke yake akiwa na kitabu mkononi, wala ya bibi peke yake akiwa na khanga. Kijana anayejua matokeo yote ya ligi hawezi kuniambia kwamba hana nafasi ya kusoma sura mbili juu ya usingizi wa binti yake.

Hukumu yangu basi ni kwamba mama mkwe abaki, na abaki kwa kuombwa, si kwa kuvumiliwa. Nenda kaketi naye, umshukuru kwa kukukanda, umshukuru kwa mchana wote anaokulelea mtoto, kisha umuulize anajua nini juu ya mtoto huyo ambacho wewe hukijui. Msikilize mpaka mwisho. Ukishamaliza, mweleze mambo mawili tu, kulala chali na kutompa dawa ya mchango wala maji, na mengine yote ya ratiba yaache. Kama mtoto amelala saa kumi badala ya saa tisa, ameoga kabla ya kunyonya badala ya baada, hakuna kilichoharibika. Siku ya kliniki nenda naye, mkae wote mbele ya muuguzi, umwombe muuguzi amweleze bibi mambo hayo mawili na kujibu maswali yake, kwa maana bibi wengi huwaheshimu wauguzi kuliko wanavyoheshimu orodha zetu. Karatasi ya kwenye friji itoe. Ukitaka kuandika, wachie mama na mumeo nafasi waandike waliyoyaona mchana na usiku: alinyonya saa ngapi, alicheka lini, kilio kilikuwa cha namna gani.

Usiku gawaneni. Mama akimbeba saa nane, wewe lala, na hilo ndilo ulilokuwa unalihitaji tangu mwanzo. Siku za mwisho wa wiki mumeo aamke yeye, akuletee mtoto anyonye, amcheulishe na kumrudisha. Mtoto akitimiza miezi sita na bado usingizi unasumbua, fungueni kitabu hicho cha kuzoesha kulala mkiwa watatu, mkisome kwa sauti, mkubaliane kama kinawafaa.

Na kabla ya hayo yote, shughulikia ofisi yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi ili amnyonyeshe mtoto wake. Hukuniambia kama unazitumia, nami nahisi huzitumii. Andika barua kwa mwajiri wako wiki hii, omba saa hizo ziwekwe mwisho wa siku, uondoke mapema na ufike Tabata kabla foleni haijafunga barabara.