Masomo kwa Kiingereza, fildi kwa Kijerumani

Swali lenu la wiki hii ni: "Mwanafunzi anayesoma nje anaishije siku za kawaida, na kijana akipata nafasi, aende?" Nalijibu nikiwa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, ninakosomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa maji. Kwa hilo la pili jibu langu ni fupi: aende. Ila aende akiwa ameshaanza kujifunza Kijerumani, hata kama barua ya udahili inasema masomo yote ni kwa Kiingereza.

Nianze na fedha, maana ndizo zinazoulizwa kwanza nyumbani. Mwanafunzi asiye na ufadhili, kabla ya kupewa viza, hutakiwa kuonyesha kuwa ana fedha za kujikimu mwaka mzima, na wengi huziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Ukishafika, benki inakuachia yuro 992 kwa mwezi, basi. Kwa waliozoea bumu, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, hili ni bumu lililowekwa na baba, shangazi na wajomba waliochangishana. Humo humo utoe kodi ya chumba, bima ya afya ambayo ni lazima, chakula na simu. Kwa hiyo nyinyi wazazi na ndugu mnaosoma ukurasa huu, kijana wenu akiwaambia mwezi huu hana cha kutuma, mwaminini.

Ruhusa ya kufanya kazi ipo, lakini ina mpaka. Tangu Machi 2024 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Wenzangu wengi hupanga vifurushi ghalani au huosha vyombo mikahawani. Ni kazi halali na inasaidia kulipa kodi ya chumba, ila mhandisi hajifunzi uhandisi pale.

Siku za chuo zina utaratibu wake. Kipindi cha kwanza kinaanza saa moja na nusu asubuhi, na mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na kuzama saa kumi jioni. Unaingia darasani gizani, unatoka gizani. Hakuna anayeita mahudhurio, na mara nyingi mtihani mmoja wa mwisho wa muhula ndio unaobeba alama zote. Ukitaka kusoma unasoma, usipotaka hakuna wa kukugombeza. Uhuru huo unakuja na upweke ambao sikuwahi kuambiwa: wiki nzima inaweza kupita chuoni bila mtu yeyote kukuita kwa jina. Jumapili maduka yamefungwa, mji umetulia, wenzako wa nyumba wamekwenda kwa wazazi wao. Hapo ndipo unapompigia mama, mkaongea hadi chaji iishe.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ndiyo iliyonifanya nijisikie nipo. Niliifanya kwenye mtambo wa kusafisha majitaka katika mji mdogo nje ya Dresden. Tulianza kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila siku jambo langu la kwanza lilikuwa kuchota maji ya tope kutoka kwenye tangi linalopulizwa hewa, kuyajaza kwenye silinda ya lita moja, kuiweka mezani na kungoja dakika 30. Tope linashuka, juu yake maji yanabaki maangavu, kisha unasoma ni mililita ngapi zimetuama. Likisuasua kushuka, huenda bakteria wenye nyuzi wamezidi, na lisiposhughulikiwa tope litavuka kwenda mtoni. Darasani tulilipita somo hilo kwa slaidi moja. Pale fundi mzee alilitazama tope rangi yake, akalinusa kama linatoa harufu ya udongo, ndipo akasoma namba. Halafu akanigeukia na kuniuliza mimi ninaonaje. Aliuliza kwa Kijerumani, tena kile cha Saxony, jimbo la huku Dresden, kinachomeza nusu ya maneno.

Wakati wa mapumziko ya asubuhi niliwasimulia mabwawa ya majitaka ya kwetu, kama yale ya Moshi na Vingunguti, ambako jua, mwani na bakteria hufanya kazi bila kuomba umeme. Kwenye mitambo kama ule wao, kupuliza hewa peke yake hula takribani nusu ya umeme wote. Walinibana kwa maswali: mabwawa yanataka ardhi kiasi gani, maji hukaa humo siku ngapi, tope hutolewaje. Niliwaambia pia kwamba kwa baridi yao mabwawa yale yangezubaa miezi mingi. Mazungumzo yale yasingewezekana kwa Kiingereza, kwa sababu mafundi wale hawakitumii.

Sasa jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshasaini mkataba. Fildi ambayo ni sharti la kozi haihesabiwi kwenye zile siku 140, lakini mwajiri halazimiki kukulipa kima cha chini cha mshahara. Ya hiari ikizidi miezi mitatu, analazimika kulipa, ila siku zake zinakula zile 140. Ukiwa na fildi ya lazima, omba chuoni barua inayosema hivyo na uwe nayo mkononi kabla hujaanza kutafuta nafasi.

Na utafute kwa simu. Barua pepe zangu nyingi hazikujibiwa, na mitambo midogo ya manispaa aghalabu haitangazi nafasi popote. Nilipiga, nikajieleza kwa Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani ya kati, nilichokuwa nacho, nikaambiwa nije Jumatatu tuonane. Wapo darasani kwetu walio na alama nzuri kunizidi ambao hadi leo wanazunguka na maombi ya Kiingereza, na inaniuma kuwaona.

Kwa aliye Dar es Salaam, Kijerumani kinafundishwa Goethe-Institut, Upanga. Anayesubiri majibu ya udahili aanze sasa, asingoje viza, kwa sababu akishafika hapa mihadhara, karatasi za ofisini na kutafuta chumba vitamkaba vyote kwa pamoja.