Timu yenu inafungwa na hakuna wa kusajili: anza na daftari

Ukikabidhiwa timu ya kikapu inayofungwa kila wiki, utaambiwa tatizo ni kimo. Kabla hujaamini, mpe mtu wa benchi daftari na kalamu kwa mechi moja nzima. Aandike kila mpira uliopotea kabla ya kurushwa, robo kwa robo, pamoja na sababu: pasi mbovu, kutembea na mpira, dribo katikati ya watu wawili, au muda wa kurusha kuisha. Aandike pia ribaundi, yaani mipira iliyorudi baada ya mtupo kukosa, ambazo wapinzani wameokota chini ya ringi yenu, na mitupo huru, ile ya baada ya faulo, mliyopata na mliyoingiza. Usimpe daftari mchezaji anayesubiri kuingia, atasahau.

Mchambuzi Mmarekani Dean Oliver aliupima ushindi kwa mambo manne: ubora wa kurusha asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Kurusha kuna uzito kuliko yote, lakini mkono wa mtu haubadiliki haraka. Mipira inayopotea inaweza kupungua ndani ya wiki chache, basi anzia hapo.

Mara nyingi lawama hubebwa na mpiga pasi, kumbe mwenye kosa ni mpokeaji. Amesimama wima anasubiri mpira umfikie, mlinzi anapita mbele yake na kuuchukua. Mpokeaji aufuate mpira hatua mbili, aushike kwa mikono miwili, atue kwa miguu yote, ndipo atazame ringi. Halafu kuna msongamano: wachezaji wakikaa mita mbili mbili, mlinzi mmoja anakaba watu wawili. Waachane mita nne hadi tano. Chezeni watatu kwa watatu nusu uwanja, bila dribo hata moja, lengo pasi kumi. Mlinzi akiugusa mpira, hesabu inarudi sifuri. Siku za mwanzo watalalamika sana, hasa yule aliyezoea kudribo peke yake. Usilegeze. Na kama mnachezea saruji ya nje, fagieni kwanza: vumbi linateleza, na refa hana habari na vumbi anapopuliza filimbi ya kutembea na mpira.

Kwenye kurusha, piga hesabu. Anayeingiza mipira 25 kati ya 100 kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu, analeta pointi 0.75 kwa kila mtupo. Huyo huyo akiingiza nusu tu ya leyapu zake, mitupo ya pointi mbili karibu kabisa na ringi, analeta pointi 1. Akichezewa faulo wakati anarusha akiwa karibu, mitupo huru miwili kwa asilimia 60 ni pointi 1.2. Timu isiyo na mrushaji wa mbali iache kuiga ya kwenye televisheni, ipeleke mpira ndani. Mitupo huru yenyewe msifanye hamsini mfululizo mkiwa mmepumzika. Kimbieni uwanja mzima kwenda na kurudi mara mbili, kila mtu arushe miwili, mkimbie tena. Kwenye mechi mtu hufika pale mstarini akihema.

Ribaundi: mpira ukiwa angani wote huutazama, na mpinzani anawapita mgongoni. Mtafute mtu wako kwanza, mgeuzie mgongo, tanua miguu, mzuie kwa makalio, ndipo utafute mpira. Fanyeni wanne kwa wanne. Walinzi hawatoki mpaka waokote tatu mfululizo. Mkirusha ninyi, wawili warudi nyuma papo hapo, wasisubiri kuona kama umeingia.

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, faulo ya tano ya timu katika robo huwapa wapinzani mitupo miwili, kwa hiyo mwenye daftari apaze sauti zikifika nne. Faulo za ovyo hutoka kwa mtu aliyechoka miguu. Ukiona mlinzi ananyoosha mikono badala ya kusogea, mtoe kwa dakika mbili, hata kama ndiye mfungaji wenu mkubwa.