Wadogo zangu mnaoanza kuchora, acheni kwanza minyororo

Wiki hii nimepita studio kuangalia skechi zenu za maonesho na roho imeniuma, maana kati ya skechi tisa nilizoona tano zina minyororo, mbili zina mdomo ulioshonwa na uzi, nyingine ina tundu la ndege ambalo mlango uko wazi. Ukiuliza unaambiwa "tunapinga kanuni za jamii". Jamani. Nawapenda, na mikono yenu ni mizuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wenu, ndo maana naandika haya kabla hamjagusa turubai.

1. Angalieni nani kapewa nafasi. Kanuni za jamii zinakaa kwenye saizi, zinakaa kwa nani yuko mbele na nani anaonekana mgongo tu, nani anaangalia na nani anaangaliwa. Courbet, mchoraji wa Ufaransa, alipopeleka Paris ile picha ya mazishi ya kijijini kwao Ornans, maonesho ya 1850 kuingia 1851, watu waliwaka kwa sababu turubai lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 6, na ukubwa ule ulikuwa wa watakatifu, wafalme na vita, halafu yeye kawapanga humo wanakijiji wa kawaida na sura zao za kila siku, karibu na kimo cha mtu halisi. Tafuteni mnyororo kwenye picha ile, hamtauona.

2. Hili nawaambia kwa uchungu. Nilipoanza nilitaka kuchora kazi za wanawake ambazo hazithaminiwi. Jengo letu la studio lilikuwa na mama mmoja aliyekuwa anapiga deki kila asubuhi kabla hatujafika, basi nikampiga picha moja ya simu, nikasema asante mama, nikajifungia ndani. Mwezi na nusu wa rangi za mafuta. Nikamchora kainama, mikono ina mnyororo, mdomo umefungwa kitambaa, ukutani kuna kivuli cha bosi. Ikachaguliwa kuingia kwenye maonesho, watu wakaisifu, na mimi nikaamini kweli nimesema jambo zito. Siku ya ufunguzi nikamwalika, nilitaka aone nimempigania. Akaja kapendeza kabisa, kamshika mkono mwanawe wa kiume, wakasimama mbele ya turubai muda mrefu. Mtoto ndo akaanza kuuliza: "Mama, ulikamatwa lini?" Sitaisahau sauti ile. Yule mama akanigeukia, wala hakufoka, akaniambia, "Mwanangu, mbona umenifunga mdomo? Mimi naongea kila siku. Wewe ndo hujawahi kuniuliza kitu."

Baadaye nikaja kujua kwamba katika mwezi huohuo niliokuwa namchora, yeye ndo aliyewaongoza wenzake wakagoma siku mbili mpaka wakalipwa mshahara uliokuwa umecheleweshwa, na mgomo wenyewe ulikuwa ghorofa ya chini ya jengo lile, mimi niko juu na spika za masikioni. Yaani jamii ilikuwa inamwona mtu wa kuinama asiye na neno, na mimi nikamchora hivyohivyo, halafu nikaita upinzani. Niliirudia kanuni ileile kwa rangi za gharama.

3. Ijueni sheria kabla ya kuivunja. Mfaransa mwingine, Manet, kwa Olympia, picha ya mwanamke aliye uchi kitandani aliyoichora 1863 na kuionesha 1865, alichukua mlalo wa Venus, mungu wa kike aliyechorwa zamani na Mwitaliano Titian, mlalo ambao kila mpenda sanaa aliujua, akamtoa mungu akaweka mwanamke wa siku zake: Victorine Meurent, modeli aliyemchora, anakutazama usoni kama anakuuliza umefuata nini hapa. Waliozoea kutazama wakajikuta wanatazamwa, picha ikazua kelele kubwa. Lakini tazameni na nyuma ya kitanda, yupo mwanamke mweusi kashika maua, modeli anaitwa Laure, na kwa miaka mingi watu waliandika kuhusu Olympia kama vile yeye hayupo. Kwa hiyo unaweza kuvunja kanuni moja kwa mkono wa kulia, nyingine ukaiacha imekaa palepale kushoto, na mbaya zaidi wewe mwenyewe usiione.

4. Hesabuni. Guerrilla Girls, kundi la wasanii wanawake wa Marekani, walihesabu tu: bango lao la 1989 lilisema kwamba kwenye sehemu ya sanaa ya kisasa ya makumbusho ya Metropolitan, New York, wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 ya wasanii, ila asilimia 85 ya picha za uchi zilikuwa za wanawake. Hesabuni na skechi zenu wenyewe, nani kavaa, nani kalala, nani ana kazi mkononi.

5. Jeso, yaani ile rangi nyeupe ya kutangulizia turubai, ikauke kabisa, acheni haraka.

6. Kaeni na modeli angalau saa moja bila penseli, mpige stori.

7. Andikeni jina la modeli nyuma ya turubai, kama mwenyewe karidhia. Jina la Laure tunalo kwa sababu Manet aliliandika kwenye daftari lake. Lile turubai langu ninalo bado, halikuuzwa na sikutaka liuzwe. Miaka mitatu baadaye nilimfuata yule mama nikamwomba ruhusa ya kuandika jina lake nyuma, akanyamaza kidogo, akasema andika, ila mbele futa kile kitambaa. Nimekifuta. Mdomo umenichukua wiki tatu, na safari hii alikuwa amekaa mbele yangu anaongea.