Maswali na Majibu: Kusaka Sinema Zilizotoweka, kuanzia Tanga

Babu yangu anasema kabla ya uhuru alitazama sinema nje, uwanjani, usiku, na gari lilikuwepo. Ilikuwa upande wa Korogwe. Je, kulikuwa na sinema ya magari huko? (Msomaji, Ngamiani)

Babu anakumbuka vizuri, ila gari lenyewe linaelekea kuwa lile lililoleta sinema. Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya jambo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, palikuwa makao ya mradi wa filamu za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zake zilikuwa za milimita 16, sauti ikiwa kwenye santuri, na lori lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Baadaye magari ya sinema ya serikali yakaendelea kutundika pazia la kuonyeshea sinema katika viwanja vya mpira na vya mnada.

Sinema ya magari ni kitu kingine: unalipia getini, unaegesha, unatazama ukiwa ndani ya gari lako. Ya kwanza iliyopewa hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ilifunguliwa na Richard Hollingshead karibu na Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni 1933. Ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966.

Ukirudi kwa babu, usimuulize "ilikuwa sinema ya magari?", maana atakubali tu. Muulize: mlilipa? Mlikaa wapi? Sauti ilitoka kwenye spika moja kubwa au kila gari lilikuwa na yake? Pazia lilifungwa kwenye nguzo na kufunguliwa asubuhi, au lilikuwa ukuta wa kudumu? Majibu ya maswali haya yatatosha kutofautisha.

Nina picha ya anga ya zamani. Nitajuaje kwamba ninachokiona ni kiwanja cha sinema ya magari? (Msomaji, Raskazone)

Tafuta umbo la feni ya mkono. Kwenye ncha nyembamba ndipo skrini iliposimama, na safu za maegesho zinaizunguka kwa tao, kila moja pana kuliko iliyotangulia. Kila safu ni tuta la chini lililoinuliwa upande wa mbele, ili pua ya gari iangalie juu. Hataza ya Hollingshead ilihusu mpangilio huo wa matuta.

Usiridhike na umbo, pima. Kutoka tuta hadi tuta ni takriban mita 11 hadi 12, yaani urefu wa gari na njia ya kupita nyuma yake. Nguzo za spika zilisimama kila baada ya mita 5 hivi, nguzo moja ikihudumia magari mawili. Katikati ya feni, au nyuma kidogo ya safu za mbele, patakuwa na kibanda kifupi cha projekta, mara nyingi kikiwa pamoja na duka la vinywaji. Magari 500 yanahitaji ekari 10 hadi 12. Ukiona feni ya ekari mbili, hiyo siyo. Matuta ya kuzuia mmomonyoko shambani na reli za karakana hudanganya sana, hasa kwenye picha hafifu.

Angalia pia mwelekeo. Uso wa skrini haukuelekezwa magharibi, kwa sababu jua la jioni lingeufuta mwanga wa projekta. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, na giza huingia upesi, hivyo onyesho liliweza kuanza mapema mwaka mzima.

Kama huna picha, zipo za satelaiti za kijasusi za Marekani ziitwazo CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kutolewa hadharani kuanzia 1995. Ingia tovuti ya EarthExplorer, fungua akaunti ya bure, chora mraba kuzunguka nyuzi 5 na dakika 4 kusini, nyuzi 39 na dakika 6 mashariki (hapo ni Tanga mjini), kisha chagua picha zilizoondolewa usiri. Zilizokwisha skaniwa hupakuliwa bure. Ambazo bado, unalipia kuskaniwa, na baada ya hapo kila mtu anazipata. Chagua kamera ya KH-4B, inayoonyesha vitu vya takriban mita 2, au KH-4A, takriban mita 2.7. Za mwanzo ni hafifu mno kuonyesha matuta. Hakiki mawingu kabla ya kulipa, kwani pwani hii huharibu picha nyingi.

Picha hizo zimepindika, hazikai juu ya ramani ya leo zenyewe. Kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani, weka angalau alama 6 zinazoonekana kwenye picha na kwenye ramani ya leo, zikiwa zimetawanyika. Mitaa ya Ngamiani iliyonyooka na kupewa namba ni zawadi kubwa kwa kazi hii, kila makutano ni alama. Reli na gati pia zinafaa. Usitumie ukingo wa mikoko, huo huhama. Kosa linalowapata wengi ni kurundika alama zote katikati ya mji, halafu kiwanja kilichoko pembezoni kinahama mita 200 na mtu anaenda kuchimbua shamba la jirani.

Ile sinema ya magari ya Dar es Salaam iliishia wapi? (Msomaji, Pangani)

Ilikuwa Msasani, kando ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani, na eneo lake leo ni ubalozi wa Marekani. Ubalozi wa awali ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na huu mpya ukafunguliwa 2003. Kanuni za usalama za Marekani zinataka jengo la ubalozi liwe angalau mita 30 kutoka ukuta wa nje. Hapo unaona kwa nini kiwanja cha sinema ya magari kilifaa: kikubwa, tambarare, kipande kimoja, barabarani.

Kabla ya hapo biashara hii ilikwisha kubanwa. Mafuta yalipanda bei kuanzia mwisho wa 1973, na kwa miaka kadhaa magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Miaka ya 1980 zikaja kanda za video, na uhaba wa fedha za kigeni za kukodi filamu. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara.

Kuna tofauti moja tunayotaka wasomaji waishike. Jumba la sinema la mjini likifungwa linabaki jengo: hupangishwa duka, ghala au nyumba ya ibada. Sinema ya magari mali yake ni ardhi tu. Ikiuzwa, greda hufuta kila kitu kwa wiki moja, na kinachobaki ni jina. Nairobi bado kuna kituo cha Belle Vue kwenye Barabara ya Mombasa, jina la sinema ya magari iliyokuwa hapo. Kwa hiyo orodha ya vituo vya daladala ni nyaraka halali ya utafiti.

Asalaam aleikum. Kuna jengo katikati ya mji wa Tanga, watu wanasema lilikuwa sinema. Ndani ni maduka. Nithibitishe vipi bila kubomoa? (Msomaji, Chumbageni)

Waalaikum salaam. Omba ruhusa ya mwenye jengo, kisha anza na ukuta wa nyuma, juu. Chumba cha projekta kina matundu madogo yaliyopangwa mstari, mengine ya kurushia mwanga, mengine ya mpiga sinema kuchungulia. Kwenye majengo ya kabla ya miaka ya 1950, hata matundu yakiwa yamezibwa, tafuta reli za vifuniko vya chuma. Filamu za naitreti (aina ya plastiki ya zamani) ziliwaka haraka, na kiungio cha madini laini ya risasi kiliyeyuka kwa joto ili kifuniko kianguke na kuziba tundu. Ghala halina kitu hicho.

Kisha sakafu. Wapangaji wengi hujaza kifusi kusawazisha mteremko, kwa hiyo usiamini sakafu unayoikanyaga. Chukua mpira wa maji ambao fundi hupimia usawa, pima vizingiti vya juu vya milango ya pembeni. Vikishuka hatua kwa hatua kuelekea upande mmoja, mteremko upo chini ya kifusi. Kuta ndefu zisizo na madirisha na ngazi ya nje inayoishia kwenye chumba kidogo cha juu ni ushahidi wa nyongeza.

Nyaraka nianzie wapi? Jina la jumba ninalo, mwaka wa kufungwa sina. (Msomaji, Makorora)

Anza na magazeti. Matangazo ya sinema yalitoka kila wiki, nayo ndiyo kalenda yako. Usisome kila toleo. Chukua wiki moja ya Januari kwa kila mwaka. Jina likitoweka kati ya Januari mbili, gawanya mwaka huo katikati, kisha tena. Kumbuka *Tanganyika Standard* ilibadilika kuwa *The Standard* na mwaka 1972 ikaingia katika *Daily News*. Kwa Kiswahili fuata *Ngurumo* na *Uhuru*. Andika jina pamoja na mji: Majestic ilikuwepo Tanga, na Unguja pia ilikuwepo nyingine, na watu wamekwisha kuzichanganya.

Halafu ardhi. Pata namba ya kiwanja na kitalu kutoka ramani ya mipango miji, ulipie upekuzi ofisi ya ardhi. Jihadhari na mwaka 1971. Sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mmiliki kubadilika mwaka 1971 hakumaanishi kwamba onyesho lilisimama, kwa sababu mwendesha sinema mara nyingi alikuwa mpangaji.

Nimekuta mikebe ya filamu kwenye stoo ya marehemu mjomba. Harufu ni ya siki. Nifanye nini? (Msomaji, Muheza)

Pole kwa msiba. Harufu hiyo ni filamu ya asiteti (aina nyingine ya plastiki) ikioza, na mvuke wake huozesha zilizo jirani. Zitenge leo, mahali penye hewa, kivuli na baridi iwezekanavyo, na usizipitishe kwenye projekta, zitakatika. Piga picha lebo na mita chache za mwanzo. Ukikuta filamu ya milimita 35 ya kabla ya 1952 iliyogeuka kahawia, inanata au inatoa unga, huenda ni naitreti: usiikune, usiiweke chini ya mabati ya moto, na iondoe ndani ya nyumba wanamolala watu kabla ya kutafuta wa kuipokea.